Tupa Ndani ya Mkate wa Wishwa: Fumbo kama Zawadi katika Historia ya Fasihi ya Mombasa, kutoka Shaka hadi Changamwe

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelitazama fumbo kwa njia mbili kuu. Wako wahakiki wanaolihesabu kuwa pambo la fani, kitu kinachoongeza ladha ya shairi kama chumvi inavyoongeza ladha ya mchuzi. Wako wengine, hasa baada ya miaka ya 1970, wanaolihesabu kuwa ngao ya mtunzi anayeogopa mkono wa mtawala. Mitazamo hii miwili ina ukweli wake, na hakuna haja ya kuupinga ukweli huo. Upungufu wake ni kwamba yote miwili inamkodolea macho mfichaji na kumsahau mtu aliyefichiwa ili apate. Methali ya Waswahili haikumsahau: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika maneno hayo machache watu ni watatu, yaani mwenye kufumba, asiyeelewa na mwenye kugangua, na ni huyo wa tatu anayelipa fumbo maana yake.

Makala haya yanadai kwamba fumbo, katika sehemu kubwa ya historia yake pwani ya Afrika Mashariki, lilikuwa zawadi. Zawadi hiyo hufichwa si kwa sababu mtoaji anaona haya au anaogopa peke yake, bali kwa sababu kupatikana kwake ni sehemu ya kutolewa kwake. Dai hili litafuatiliwa katika kisa cha Fumo Liyongo, katika kitendawili, katika mashairi ya Muyaka bin Haji, katika leso na katika mashairi ya kifungoni ya Abdilatif Abdalla. Mwishoni litaletwa Changamwe, bara ya magharibi ya kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo suali la nani anaweza kulifumbua fumbo la Kiswahili limekuwa zito kuliko kwingi.

2. Mkate wa Liyongo

Hapana mfano wa kale unaojulikana zaidi kuliko ule wa Liyongo. Kisa chake kilichapishwa kwa nathari na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao, alikitungia utenzi. Wataalamu wanahitilafiana juu ya karne aliyoishi shujaa huyu. Lakini juu ya kiini cha kisa hawahitilafiani. Liyongo amefungwa Pate na anangojea kuuawa. Kijakazi wa mama yake, Saada, humletea chakula, na kila chakula kizuri kinapofika askari hukila wao na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anamtuma Saada kwa mama yake na ujumbe uliofungwa katika shairi: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Mama anafumbua. Mikate mizuri inapelekwa pamoja na huo wa wishwa. Askari wanachukua mizuri na kuutupilia mbali ule mbaya, ambao unamfikia mwenyewe. Kisha Liyongo anaomba ichezwe ngoma ya gungu kuwa haja yake ya mwisho, na katika kishindo cha ngoma na siwa anazikata pingu zake bila ya mlio wa tupa kusikika.

Kisa hiki kina mafumbo mawili yanayofanana kwa umbo. La kwanza ni la maneno, nalo linatoka gerezani kwenda nyumbani. La pili ni la unga, nalo linatoka nyumbani kuja gerezani. Katika yote mawili kilichofichwa kimo ndani ya kitu cha kawaida, na katika yote mawili kinapita mbele ya macho na masikio ya askari. Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa na mhakiki. Askari wale hawakuwa wageni wa lugha. Walikisikia Kiswahili kile kile alichokisikia Saada, na mkate wa wishwa waliuona kwa macho yao. Kilichowakosesha tupa si ujinga wa lugha bali ni kwamba hawakuwa na uhusiano wowote na mtoaji wala mpokeaji ila ule wa kunyang'anya. Mama alifumbua kwa sababu alimjua mwanawe na alijua haja yake. Ujuzi wa lugha ulikuwa sharti, haukutosha.

Nusu ya pili ya kisa inatoa upande wa giza wa jambo lilo hilo. Liyongo alikuwa na siri nyingine, nayo ni kwamba hakuna chuma kilichoweza kumdhuru ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Siri hiyo ilitafutwa na mtoto wake wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo na binti wa mtawala. Liyongo alijua kwamba mwanawe ametumwa, na juu ya hayo akamwambia. Hivyo kisa kimoja kinaweka bega kwa bega vitu viwili vilivyofichwa: kimoja kilipatikana na mtu wa mapenzi kikaleta uhai, kingine kilipatikana na mtu aliyenunuliwa kikaleta mauti. Mtunzi wa jadi hakuacha nafasi ya kudhani kwamba kufumbua ni werevu mtupu. Mwana alikuwa mwerevu pia.

Kwa watu wa Mombasa kisa hiki si cha ugenini. Miongoni mwa makundi ya Tisa Taifa ya mji huo, pamoja na Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Wagunya na Wakatwa, wamo Washaka, na Shaka ni mojawapo ya miji ambayo mapokeo yanamnasibisha nayo Liyongo. Waliohamia kusini walikuja na jina la mji wao, na mkate wa wishwa ukaingia Mombasa pamoja nao.

3. Kutoa mji

Kanuni inayofanya kazi katika kisa cha Liyongo inaonekana wazi zaidi katika utanzu mdogo na wa kila siku, yaani kitendawili. Mtegaji anasema nyumba yangu haina mlango, hadhira inahangaika, ikishindwa inaambiwa itoe mji. Mtegaji anapewa mji, anausifu au anaukataa na kutaka mwingine, kisha anatoa jibu: yai. Vitabu vingi vya shule huutaja mji huo kuwa ni adhabu ya walioshindwa. Maelezo hayo hayatoshi. Adhabu hulipwa na jambo likaisha, lakini hapa malipo ndiyo yanayomfunga mtegaji: akishapokea mji hana hiari tena, lazima afichue. Anayetega, akapokea mji na kuondoka na jibu lake, amedhulumu, na watoto wote wa barazani watamwambia hivyo.

Kwa hiyo kitendawili kina sheria ambayo pambo halina na ngao haina. Mwenye kuficha ana deni. Ameficha ili kipatikane, ama kwa akili ya hadhira ama kwa kinywa chake mwenyewe, na kuchelewa kwa jibu ndiko kunakolipa thamani yake. Si bure kwamba jibu la kitendawili kinachojulikana kupita vyote ni yai: nyumba isiyo na mlango ambayo ndani yake mna kitu cha kuliwa, na ambayo haifunguki mpaka ivunjwe. Mtoto anayejifunza kitendawili hicho hafunzwi sura ya yai, ambayo anaijua. Anafunzwa adabu ya kutoa na kupokea.

4. Muyaka na mpataji aliyechelewa

Muyaka bin Haji, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, ndiye aliyelitoa shairi la Kimvita na kulitia katika shughuli za mtaa: siasa za Mazrui na Busaidi, bei za vitu, mapenzi, ugomvi wa nyumbani na wa soko. Katika vita vya maneno baina ya Mombasa na Lamu, zama za mapigano ya Shela ya kiasi cha mwaka 1812, mashairi yalikwenda na kurudi baina yake na washairi wa upande wa pili, maarufu wao akiwa Zahidi Mngumi. Ushairi huo wa kujibizana ulijengwa juu ya fumbo. Shairi lilitupwa kama kitendawili, na heshima ya mji ilitegemea kupatikana kwa mtu wa kulifumbua na kulijibu kwa bahari na vina vile vile.

Hata hivyo, mashairi ya Muyaka yalikaribia kupotea. Yalikaa katika vifua vya watu na katika hati chache, na wale waliojua tukio la kila shairi wakawa wanakufa. Aliyeyapata ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, ambaye aliyakusanya, akayaandika na kuyafafanulia kwa ajili ya mmishenari W. E. Taylor. Kazi yao ndiyo iliyomwezesha William Hichens kuchapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, na ndiyo iliyokuwa msingi wa utafiti wa Mohamed Abdulaziz uliochapishwa mwaka 1979.

Historia ya fasihi humtaja Sikujua kwa heshima lakini kwa haraka, kama mtu wa kati tu baina ya mshairi na Mzungu. Kwa mujibu wa hoja ya makala haya nafasi yake ni kubwa zaidi. Sikujua ni mpataji. Alisimama mahali pa mama yake Liyongo: alipokea shairi ambalo halikuelekezwa kwake, akalifumbua kwa sababu alikuwa mtu wa mji ule ule na alikuwa na hamu ya kufumbua, akaupitisha mkate. Pale alipojua tukio, shairi liko hai mpaka leo. Kuna beti ambazo tukio lake halikuandikwa. Hizo zinasomeka, zina vina na mizani kamili, na bado zimefungwa. Ni mayai yasiyo na wa kuyavunja. Deni la mfichaji halikulipwa, si kwa dhuluma yake bali kwa kukatika kwa watu. Hasara ya namna hiyo haionekani katika uhakiki unaohesabu fumbo kuwa pambo, kwani pambo limebaki pale pale.

5. Leso na mji wake

Mwanzoni mwa karne ya 20 fumbo la Mombasa lilipata karatasi mpya, nayo ilikuwa ya nguo. Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake la Mombasa lilianza mwaka 1887 na ambaye leso zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kuandika maneno juu ya leso. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Huitwa jina la leso. Sehemu ya katikati ya nguo huitwa mji, na ukingo wake huitwa pindo. Iwe ni sadfa ya lugha au si sadfa, kitendawili hudai mji na leso huwa na mji, na kwa vyote viwili mji ni mahali ambapo maneno huelekea.

Leso ni zawadi kwanza, ndipo iwe nguo. Hutolewa kwa mzazi, kwa bibi arusi, kwa wifi, kwa jirani. Hutolewa ikiwa jozi isiyokatwa, imekunjwa, na jina lake liko ndani ya mkunjo. Mpokeaji huishika kwanza kama kitambaa, hushukuru, na baadaye, anapoikata na kuipinda, ndipo anaposoma. Wakati huo mtoaji hayupo. Ikiwa jina ni la mapenzi, furaha hupatikana faraghani. Ikiwa ni la kijembe, aliyechomwa hawezi kumshitaki mtu yeyote, maana maneno ni ya kiwanda na yamevaliwa na maelfu. Kwa hiyo leso inatimiza masharti yote ya mkate wa wishwa: ganda la kawaida, mpokeaji anayejulikana, na muda baina ya kutoa na kupata.

Jambo la pili katika leso halina budi kusisitizwa. Maneno yale yale, kwenye leso ile ile, yana maana kadiri ya watu waliopeana. Methali inayosifu subira ikitoka kwa mama kwenda kwa binti aliyeolewa karibuni ni usia. Ikitoka kwa mke mwenza ni jambo jingine kabisa. Mhakiki akiandika orodha ya majina ya leso na kuyafasili moja moja, atakuwa ameandika kamusi ya mikate bila ya kutaja tupa. Maana haimo katika jina peke yake. Imo katika mkono uliotoa na mkono uliopokea.

6. Kutoka gerezani kwenda nje

Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1946, alifungwa kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968. Mpaka alipoachiwa mwaka 1972 alitunga mashairi, akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Katika kisa cha Liyongo tupa iliingia. Hapa tupa ilitoka. Ganda nalo lilikuwa duni kwa namna ile ile: kama vile askari wa Pate walivyoudharau mkate wa wishwa, ndivyo karatasi ya chooni isivyo kitu cha kukaguliwa kama kitabu. Ndani ya karatasi mlikuwa na ganda la pili, nalo ni fumbo la shairi lenyewe. Katika shairi la Mnazi ndugu wawili, Alii na Badi, wanabishania mti; katika Mamba kuna mnyama anayejitapa mtoni. Wasomaji wengi wamesoma katika la kwanza mgao wa neema ya nchi huru, na katika la pili mtawala anayedhani kwamba hana mwisho.

Hapa mtazamo wa ngao una nguvu zake zote, na haitakuwa haki kuupuuza. Mfungwa wa kisiasa hufumba kwa sababu asipofumba ataumizwa zaidi. Lakini hofu inaeleza ganda tu. Haielezi kwa nini mtu aliye peke yake, asiye na hakika kwamba karatasi zitafika, ahangaike kwa vina vya kati na vya mwisho, kwa mizani minane kwa minane, kwa msamiati wa Kimvita uliochujwa. Anayekwepa askari tu hana haja ya uzuri. Uzuri huo umekusudiwa mtu fulani aliyeko nje, asiyejulikana kwa jina, ambaye mtunzi anamdhania kuwa yupo na kuwa atajua. Fumbo la kifungoni, basi, ni tendo la kuaminiana: linamkopesha msomaji werevu kabla hajauonyesha.

7. Changamwe: nani atafumbua?

Mpaka hapa hoja imetegemea mji wa watu wanaojuana. Changamwe inaitia hoja hiyo katika mtihani. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ni Thelatha Taifa, na mapokeo yao yanawaweka kwanza bara, katika makao yaliyobeba jina lao, kabla ya kuvuka kuingia kisiwani. Jirani zao wa upande huo, Wajomvu, lahaja yao ilitafitiwa na H. E. Lambert pamoja na Kingare katika kitabu kilichotoka mwaka 1958. Bara hii ni chimbuko mojawapo la Kiswahili cha Mombasa.

Karne ya 20 iliigeuza. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Changamwe ikienda bara. Baadaye vikaja viwanda, na mwaka 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta kikaanza kazi, kazi iliyosita mwaka 2013. Kwa ajili ya reli, bandari na viwanda walikuja watu kutoka kila pembe ya Kenya, wakajaa Chaani, Magongo, Port Reitz, Mikindani na Miritini. Wachonga vinyago wa Kikamba walianzisha huko chama chao cha ushirika. Kiswahili kikawa lugha ya watu ambao mama zao hawakuwaimbia kwa Kiswahili.

Je, watu hawa wanaweza kulifumbua fumbo la Mvita? Jibu la haraka, ambalo limetolewa mara nyingi kwa majonzi, ni kwamba hawawezi: lahaja imetiwa maji, na mwenye kugangua hayupo tena. Jibu hilo linasahau askari wa Pate. Wao walikuwa wenyeji na hawakupata kitu. Mfanyakazi wa Chaani aliyetoka mbali, ambaye jirani yake wa Kimvita amempa mkewe leso alipojifungua, hana ujuzi wa Kingare wala wa Chijomvu. Lakini anamjua jirani, anajua ugomvi uliopita na suluhu iliyofuata, na jina la leso litamfungukia yeye kabla halijamfungukia mtaalamu wa lahaja. Uhusiano hufundisha lugha kwa kasi kuliko lugha inavyofundisha uhusiano.

Hatari kwa fumbo, kwa hiyo, haikuletwa na wageni. Inaonekana zaidi darasani. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa, na faida yake kwa lugha ni kubwa isiyopingika. Pamoja na faida hiyo iliingia biashara ya miongozo, vijitabu vinavyompa mwanafunzi jibu la kila fumbo kabla hajalisoma shairi: Mnazi ni kitu fulani, Mamba ni mtu fulani, alama mbili. Mtegaji hakupewa mji, wala hadhira haikuhangaika. Mwanafunzi wa Changamwe, mwenye masikio ya lugha tatu au nne na mazoea ya kusoma watu wasiosema yote, anafika mbele ya shairi akiwa na vifaa vyote vya mpataji, na anakabidhiwa yai lililokwisha vunjwa.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kutoka mkate wa Liyongo mpaka karatasi za Abdilatif kuna desturi moja ya kuficha kwa ajili ya mtu. Desturi hiyo ina masharti matatu: ganda lisilovutia macho ya asiyehusika, mpokeaji ambaye mtoaji anamwamini hata kama hajamwona, na deni la kufichua linalobaki shingoni mwa mfichaji mpaka kitu kipatikane. Sharti la tatu likikosekana, fumbo huwa hila. La pili likikosekana, huwa pambo. La kwanza likikosekana, halihitaji hata mkate.

Zao la hoja hii kwa kazi ya mhakiki ni la moja kwa moja. Mhakiki hana haki ya kujihesabu kuwa mwenye mwongozo. Nafasi yake ni ya Sikujua: kukusanya tukio kabla halijafa na wenye nalo, kuandika nani alimpa nani na lini, na kuacha ganda likiwa zima kwa ajili ya atakayekuja. Katika mitaa ya Changamwe wako wazee wanaokumbuka leso zilizotolewa na majibu yaliyorudi, na wako wasomaji vijana ambao bado hawajaambiwa jibu. Ni kazi ya idara za Kiswahili kuwakutanisha kabla kizazi kimoja hakijaondoka na kingine hakijazoea kupewa jibu bila ya kutoa mji.